Mti Niliousugua kwa Sabuni

Ilianza Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa harufu ya gome bichi. Inakaribia harufu ya tango lililokatwa sasa hivi, lakini chini yake kuna utamu kidogo, kama wa mua unaotafunwa na mtu aliye chumba cha pili. Saa naikumbuka kwa sababu mkononi nilikuwa na saa ya baba, ile ya mkanda wa plastiki aliyonipa ilipoanza kuchelewa, na nilikuwa nikiitazama kila mara kuhakikisha kwamba bibi yangu bado yuko sokoni.

Sasa nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu hapa Jinja, na mengi ninayoandika katika daftari hili ni ya wiki hii hii: nani alinicheka, nani aliniuliza kitu nikashindwa kumjibu. Hili ni la miaka saba iliyopita, na sijawahi kuliandika. Mwezi uliopita mwalimu wa Biolojia alipasua shina la mmea mbele ya darasa, harufu ile ikatembea mpaka dawati la nyuma ninapokaa, na mikono yangu ikaanza kutetemeka. Nikaificha chini ya dawati. Jirani yangu akauliza kama nina malaria, nikasema ndiyo. Malaria ni rahisi kuisema.

Basi nitawaambia nyinyi, kwa kuwa hamnioni.

Baba yangu ni askari wa magereza. Yeye ni Mmasaba wa Mbale, mama ni Mwiteso, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kushindwa na lugha ya mwenzake, nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, kama watoto wote niliokua nao kwenye nyumba za askari. Mwanamume yeyote mzima nilimwita afande, hata muuza mkate. Na kila Jumamosi baba alikagua nyumba. Alipitisha kidole juu ya dirisha, akakitazama, akatutazama sisi. Kikombe chenye utelezi kilirudi kwenye beseni. Sufuria yenye utelezi ilirudi kwenye beseni. Nilikua nikijua kwamba utelezi ni uchafu na dawa yake ni sabuni. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililonipoteza.

Tulikuwa tumehamia Mafubira, nje kidogo ya Jinja, na nyuma ya ua wetu alikaa fundi wa nguo za gome. Aliitwa Waiswa, mtu mfupi mwenye sauti ya kuuza samaki. Siku moja nilimchungulia kupitia ua akivua gome la mti wa mutuba. Alikata mduara juu, akakata mduara chini, kisha akachora mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini, kama pale shati linapofungwa vifungo. Akachomeka kabari laini iliyochongwa kwa shina la mgomba, akaisukuma taratibu, na gome zima likavuka. Mti ukabaki uchi, mweupe, unang'aa kwa majimaji.

Aliniona. "Eh, binti wa afande! Unahurumia mti? Mti hii haiumwi. Mwaka kesho itavaa shati ingine."

Akaufunga mwili ule mweupe kwa majani ya mgomba, safu juu ya safu, kama mama anavyofunga mtoto baridi ikiingia. Kabla hajamaliza nilipitisha mkono katika ua nipaguse pale penye kung'aa. Akanipiga kidogo vidoleni. "Hapana! Hapo usiguse. Hapo ndipo..." Mteja akamwita kutoka barabarani, akaenda. Hakumaliza. Mimi nami si mtoto wa kuuliza. Nilikaa na ile nusu ya sentensi mpaka ikanitoka kichwani.

Likizo ya Agosti nikapelekwa Mbale kwa Kukhu. Ndivyo Bamasaba tunavyomwita bibi. Nyumba yake iko juu kidogo ya mji, mahali ambapo ukifungua dirisha unaona ukuta wa mlima Wanale na maji yanayoteremka juu yake kama nyuzi nyeupe. Kilumasaba changu cha kusema kilikuwa cha kuombea chumvi tu; kusikia nilisikia zaidi. Kiswahili cha Kukhu kilikuwa kibaya kuliko hicho. Alikuwa na maneno manne, Kaa, Simama, Lete na Kimya, aliyoyapata njiani zamani, enzi za wanajeshi na vizuizi vyao vya barabarani, na alisema hiyo ni lugha ya kuisikia ukiwa umelala chini ya kitanda. Aliponisikia nikiomba maji kwa lugha hiyo siku ya kwanza, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Wanyama," akamwambia baba mdogo kwa jina lake, "nimeletewa askari mdogo!"

Ua wake ulikuwa na mparachichi mmoja. Babu aliupanda mwaka niliozaliwa mimi, akafa kabla haujamfika magotini, kwa hiyo mti ule na mimi tulikuwa rika. Unene wake ulikuwa wa kukumbatia nikashika vidole vyangu kwa upande wa pili. Kila asubuhi Kukhu aliusalimia kabla ya kutusalimia sisi. Alisema, "Mzee aliniachia watoto saba na mti mmoja. Watoto wamekwenda zao, Kampala, Tororo, Jinja; hata Wanyama alikwenda kwanza, akarudi. Mti peke yake ndio haukuondoka." Matunda yake yalikuwa na nyama ya njano isiyo na nyuzi, na tuliyala na posho, ndio ugali wetu, na maharage mchana, na kwa malewa, machipukizi ya mianzi, jioni.

Jirani yetu, Bwana Hamza, aliutamani mti ule. Si matunda, vitawi. Alikuwa na kitalu cha miche upande wa pili wa njia, na kazi yake kubwa ilikuwa kuunga: anachukua mche wa kawaida, anaukata, anaupachika kitawi cha mti mzuri, anafunga kwa utepe wa nailoni, na baadaye vinakuwa kitu kimoja. Alikuwa na kisu kidogo chembamba kuliko majani ya mahindi, akikinoa kila asubuhi baada ya sala. Alimwomba Kukhu vitawi kumi tu. Kukhu akakataa. Alisema hawezi kumkatakata mume wake akamgawa kijijini.

Bwana Hamza ndiye mtu pekee pale aliyezungumza Kiswahili kama changu. Kila nilipopita kuteka maji aliinua kopo lake la kumwagilia na kuniita kwa mji wangu na mto wake, "Mjinja! Nile haijambo?" Nikakimbia. Kila siku, Nile haijambo, na kila siku nikakimbia na maji yakinimwagikia miguuni. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa tayari mdomoni, ila halikutoka.

Sasa, jioni baridi ilipoteremka kutoka Wanale, Kukhu alivuta shuka lake lililochakaa akasema mabega yake yanasikia upepo hata mlango ukifungwa. Nikamwona Waiswa akilini. Nikamwona mti ukivua shati. Nikaamua kumtengenezea Kukhu nguo ya gome, na kwa kuwa sikuwa na maneno ya kumwambia, ingekuwa zawadi ya ghafla.

Ijumaa usiku mvua ilinyesha. Jumamosi Kukhu akaenda sokoni, baba mdogo Wanyama akaenda kufunga mbuzi bondeni, nami nikachukua kisu cha jikoni. Mduara juu, kwenye usawa wa kifua changu. Mduara chini, kwenye kiuno. Mstari katikati. Gome lilikuwa limelowa likavuka vizuri, vipande vitatu badala ya kimoja, na harufu ile ikanijaa puani.

Mti ukabaki mweupe. Na ulikuwa na utelezi.

Nilipitisha kidole, nikakitazama, kama baba. Utelezi kabisa. Nikaona aibu kwa niaba ya mti. Nikaleta ndoo, kipande cha sabuni na gunzi la mahindi, nikausugua mzunguko mzima kutoka juu hadi chini, kama unavyomsugua mtoto magoti kabla ya kwenda kanisani. Nilipopitisha kidole mara ya mwisho kililia kama sahani. Nikausuuza mara mbili. Nilifikiria hata kuupaka vaselini, lakini vaselini ilikuwa ya baba mdogo. Kisha nikaufunga kwa majani ya mgomba, safu juu ya safu, nikakaza kwa kamba ya mgomba, nikarudi nyuma kutazama. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kukhu alipoona yale majani alidhani baba mdogo ameufunga mti kuzuia siafu. Baba mdogo akadhani ni Kukhu. Hawakuulizana, kila mmoja akaona mwenzake ameanza kuwa na akili.

Ila gome halikugeuka nguo. Nililiponda kwa jiwe nyuma ya choo, likapasuka. Nililoweka, nikaponda tena. Siku ya nne lilikuwa gumu na jeusi kama soli ya kiatu kilichookotwa mtoni. Nikalificha nyuma ya gunia la karanga.

Wiki ya pili nilipenyeza jicho kati ya majani ili nione shati jipya limefika wapi. Hapakuwa na shati. Mti wa ndani ulikuwa umekauka, umeingia rangi ya mfupa wa zamani, na kuna mstari wa ufa. Gome lililo juu ya kidonda lilikuwa limevimba pembeni kama mdomo ulioumwa na nyuki. La chini lilikuwa limesinyaa. Nilifunika haraka.

Jambo la kutisha ni kwamba juu kila kitu kilikuwa kizuri. Majani yalikuwa mabichi. Matunda yalinenepa. Kukhu aliyashika akasema mwaka huu mzee amefurahi, hajawahi kuzaa makubwa hivi. Majirani wakaja kuyatazama. Kila aliposifu mtu nilitamani ardhi inifunike. Nilijua kuna kitu kibaya na sikujua ni kipi, na mti ulikuwa ukitabasamu mbele ya watu.

Alhamisi ya mwisho kabla sijarudi Jinja, mbuzi wa baba mdogo alikata kamba akaja uani akala yale majani yote ya mgomba.

Nilisikia Kukhu akipiga yowe. Si yowe la nyoka, nalijua la nyoka. Hili lilikuwa la msiba. Saa kumi alasiri ua ulijaa: mwenyekiti wa kijiji na daftari lake, baba mdogo na fimbo, majirani, watoto juu ya ukuta. Kukhu alikaa kwenye kigoda mbele ya mti, shuka lake begani. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jiko, nusu ndani.

Bwana Hamza aliitwa, akaja amevaa kofia yake nyeupe na kisu chake kidogo mfukoni kama kawaida. Hilo lilikuwa kosa lake.

"Mnakiona?" alisema baba mdogo. "Nani mwingine hapa ana kisu cha namna hiyo?"

"Wanyama, kila nyumba ina kisu. Hata mama mkwe wako ana kisu."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Mkato umezunguka sawasawa kabisa," alisema baba mdogo. "Mzunguko mzima! Mlevi hawezi. Mbuzi hawezi. Huyu ni fundi!"

Naapa kwamba nilisikia fahari kidogo, halafu nikarudi hatua moja ndani ya jiko.

Mwenyekiti alifungua daftari. "Bwana Hamza, ni kweli mama hapa alikunyima vitawi?"

"Alininyima."

"Ulikasirika?"

"Siku moja. Siku ya pili nikala chakula."

Hakungoja swali jingine. Alichuchumaa mbele ya mti, akagusa uvimbe ule wa juu kwa kidole gumba, akagusa pale chini palipokauka, na uso wake ukabadilika. Akawa kama daktari aliyesahau kwamba ametukanwa.

"Sikilizeni. Mti huu bado haujafa. Mti una njia mbili. Maji yanapanda ndani humu, kwenye mbao, toka mizizini mpaka juu. Njia hiyo bado ipo, ndiyo sababu majani hayajanyauka. Lakini jiko la mti liko juu. Majani ndiyo yanapika, kwa jua na hayo maji, na chakula kinateremka kwa njia ya gome mpaka mizizini. Mizizi iko gizani, haiwezi kujipikia. Sasa njia ya gome imekatwa mzunguko mzima. Chakula kimefika hapa kikakwama. Ndiyo huu uvimbe. Ndiyo maana matunda yamenenepa, yanakula fungu la mizizi. Na mizizi huko chini inakula akiba. Akiba ikiisha, mizizi itakufa, na maji nayo hayatapanda tena."

Baba mdogo akapiga fimbo chini.

"Mmesikia? Anajua kila njia ya kuua mti!"

"Ninajua na ya kuuponya. Nipeni vitawi vya mti huu huu, niweke madaraja juu ya kidonda, chakula kipite—"

"Vitawi! Bado anataka vitawi!"

Watu wakanung'unika. Mwenyekiti alisema jambo hili sasa ni la kituo cha polisi, asubuhi watakwenda wote. Bwana Hamza alisimama akafuta magoti yake. Alizungumza polepole, na kwa mara ya kwanza hakuna utani ndani ya sauti.

"Nipelekeni popote. Lakini mizizi haingoji kesi. Wiki moja, wiki mbili, halafu hata mkinipigia magoti sitaweza kitu. Na mguu wangu haukanyagi tena ua huu."

Akapita karibu na mlango wa jiko. Alinitazama. Nilingoja aseme Mjinja, Nile haijambo. Hakusema. Alitoka, na mimi sikufungua mdomo. Hilo ndilo ninaloona gumu kuliandika: nilikuwa na muda wa kutosha, alitembea polepole, na nilimwacha mpaka kofia yake nyeupe ikapotea nyuma ya migomba.

Ndipo miguu yangu ikaniamulia. Niliingia ndani, nikasogeza gunia la karanga, nikatoka nimebeba vipande vitatu vya gome, vyeusi, vimejikunja. Nikapita katikati ya watu wazima. Nikaviweka mapajani kwa Kukhu, juu ya shuka.

Hakuna aliyeelewa kwanza. Kisha baba mdogo akaelewa, na fimbo ikapanda.

"Kaa!" alisema Kukhu.

Baba mdogo akaganda, mkono juu.

"Kaa! Kimya!"

Maneno mawili kati ya yale manne, kwa sauti ya kizuizi cha barabarani. Baba mdogo, mtu mwenye ndevu na watoto watatu, akakaa chini kwenye vumbi. Mwenyekiti naye akakaa, ingawa hakuwa ameambiwa.

Kukhu alinisogeza akaniuliza kwa Kilumasaba, taratibu, ili nielewe. Nilikuwa nafanya nini? Nikaonyesha mabega yake. Nikaonyesha shuka. Nikafanya kama ninamvika. Alitazama gome, akatazama shuka lake.

"Na mbona mti umekwanguka hivi?"

Neno sikuwa nalo. Nilikwenda nikaleta gunzi na kile kipande cha sabuni.

"Ulikuwa mchafu," nikasema kwa Kiswahili.

Mwenyekiti alianza kukohoa kikohozi cha uongo akajifunika uso kwa daftari. Kukhu hakucheka. Alishika kidevu changu. Baba mdogo akajitolea haraka kwamba atakwenda yeye kwa Hamza, wazungumze kama wanaume. Kukhu akakataa. Alisema maneno ya Wanyama yametosha leo.

"Wewe ndiye uliyesugua," aliniambia. "Kesho, kabla jua halijapanda, utapanda mti ukate vitawi vya hayo madaraja; vile kumi alivyoniomba vitafuata. Utampelekea. Peke yako. Na utasema kwa mdomo wako, si kwa gunzi."

Nimejifunza majina ya mambo haya baadaye, kwenye darasa lile la harufu. Zailemu ya kupandisha maji, floemu ya kuteremsha chakula, na katikati yake utando mwembamba unaoteleza, kambiamu, unaozaa gome jipya na mbao mpya. Mwalimu aliuonyesha kwa ncha ya kalamu. "Hapa ndipo mti unapoishi," alisema, "sehemu nyembamba kuliko kucha." Nikasikia sauti ya Waiswa kwenye ua wa Mafubira ikimaliza sentensi yake baada ya miaka saba. Hapo ndipo. Mutuba wake uliota shati jipya kwa sababu hakuugusa ule utelezi, na akaufunga usikauke. Mimi kitu pekee kilichokuwa hai nilikiona uchafu, nikakisugua mpaka kikalia.

Na nimefikiria yale majani. Wiki tatu mabichi, matunda yananenepa, watu wanasifu, na chini gizani kuna kitu kinakula akiba yake ya mwisho kimya kimya. Mama anapomwambia jirani kwamba mimi ni mtoto mtulivu, hanisumbui, ninakumbuka mti ule. Siku hizo huwa namfuata jikoni baadaye nikamwambie angalau jambo moja.

Basi asubuhi ile ya Ijumaa niliamka ndege hawajaanza. Kukhu alikuwa ameamka mbele yangu, amesimama chini ya mti, mkono wake kwenye shina juu ya kidonda. Hakuusalimia. Nilipanda, nikakata vitawi kumi na viwili vya unene wa penseli, nikashuka, nikavuka njia.

Bwana Hamza alikuwa akimwagilia miche, amenipa mgongo. Nilisimama kwenye lango la miti. Alijua nipo, kwa kuwa maji yalikuwa yameanza kumwagika nje ya vifuko. Hakugeuka. Jibu lile la kila siku lilikuwa bado limekaa mdomoni, na sasa ilibidi litoke bila kuulizwa.

"Nile haijambo, afande," nikasema.

Kopo likasimama.

"Ni mimi niliukata mti. Niliusugua na sabuni. Sikujua. Jana ulipopita nilikuwa najua kwamba si wewe na nikanyamaza. Hivi ni vitawi vya madaraja. Kukhu amesema ni vyako, na vingine kumi vitafuata, vya kitalu." Nilisema yote kwa pumzi moja, na kwa kuwa pumzi ilibaki, nikaongeza, "Mizizi ina njaa."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Akanitazama mimi, kisha vitawi, kisha mlima ulioanza kushika rangi. "Leo ni Ijumaa," alisema hatimaye. "Lazima nimalize kabla ya kwenda msikitini. Beba hiyo nta ya kuziba kidonda."

Tulipofika uani baba mdogo alikuwa amesimama kwa mbali na mikono nyuma. Hawakusalimiana. Bwana Hamza alipiga magoti kwenye ua aliosema hataukanyaga, akapasua gome juu ya kidonda na chini yake, nafasi ndogo kama za kuingizia vifungo. Kisha akapokea vitawi kutoka mkononi mwangu, na akakunja uso. Nilikuwa nimevibeba ovyo, ncha na shina zimechanganyika.

"Kitawi kikiwekwa kichwa chini hakitapitisha kitu vizuri, kitakauka. Mimi mikono yangu ina kazi, na macho yangu hayakulala. Wewe utatazama vijicho vyake vya kuchipulia vinaelekea wapi, na utaniambia. Juu ni wapi?"

"Huku," nikasema.

"Sisikii."

"Huku."

"Mjinja, mti mzima unakungoja. Hata mizizi iko mbali, nayo inataka kusikia. Juu ni wapi?"

Majirani walikuwa wameanza kujaa tena ukutani. Baba mdogo alikuwa anatazama. Kukhu, ambaye hakujua hata neno moja la yale tuliyosema, alikuwa amevua shuka lake akalitandaza chini ili vitawi visiguse vumbi, mabega yake yakiwa wazi kwenye baridi. Nilikishika kitawi cha kwanza kwa vidole viwili, nikatafuta vijicho, nikavuta hewa.

"Juu ni huku!" nikapiga kelele.

Akakipachika, akagonga msumari mdogo, akapaka nta. Akanyoosha mkono wake bila kugeuka. Nikachukua cha pili.